Kupoza Kadi ya Grafiki kwa Maji: Hesabu za Fundi wa Ufipa

Kadi ya grafiki aina ya Radeon RX 580 hula umeme wa takriban wati 185 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto ndani ya kipande cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 232. Chukua pasi ya umeme ya wati 1,000 yenye uso wa sentimita za mraba 200: kila sentimita ya mraba hutoa wati 5. Kwenye chipu hii, ukihesabu umeme wote, kila sentimita ya mraba inabeba karibu wati 80. Pasi imetengenezwa ili iunguze, lakini chipu inatakiwa ibaki chini ya nyuzi 85 au 90, la sivyo inajipunguzia kasi yenyewe. Aliyewahi kuhariri video ya harusi usiku kucha na kuona mashine inazidi kuwa nzito kadiri alfajiri inavyokaribia ameshaonja jambo hili.

Mtu wa Sumbawanga, Matai au Mwimbi anaweza kudhani kwamba yeye amepona. Uwanda wa Ufipa uko juu. Mji wa Sumbawanga wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na usiku wa Juni na Julai watu hulala na mablanketi mazito. Lakini mwinuko unaoleta baridi ndio huohuo unaoifanya hewa kuwa nyepesi. Katika kimo hicho hewa ina uzito wa takriban asilimia 80 ya ule wa pwani. Feni ya kadi ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma ujazo uleule wa hewa, ila ndani yake mna hewa pungufu kwa moja ya tano, na uwezo wake wa kubeba joto umepungua vivyo hivyo.

Tufanye hesabu. Tuseme kadi iliyoko Dar es Salaam hupanda nyuzi 45 juu ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 30, chipu itafika 75. Ipeleke kadi hiyo Sumbawanga katika chumba cha nyuzi 20. Kwa sababu ya wepesi wa hewa, haitapanda tena nyuzi 45 bali 53 au zaidi kidogo, na chipu itakuwa kwenye 73. Faida yote ya baridi imebaki nyuzi mbili. Kisha kuna vumbi la kiangazi, lile jekundu linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Likishaziba mapezi ya alumini yaliyo juu ya chipu, hata nyuzi hizo mbili zinapotea.

Ndipo wazo la maji linapokuja, na pamoja nalo bloku ya kujitengenezea: kipande cha shaba kinachokaa juu ya chipu, chenye mifereji ndani, maji yanaingia upande mmoja na kutokea mwingine. Za dukani zipo, lakini nyingi zimetengenezwa kwa kadi fulani tu, na kuagiza moja kutoka nje kunaweza kugharimu zaidi ya kadi ya mtumba yenyewe. Kwa hiyo swali ni kama fundi mwenye tupa, msumeno wa chuma, jiliwa na msasa anaweza kutengeneza iliyo nzuri. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba aelewe ugumu wa kazi uko wapi. Wengi hudhani uko kwenye maji na pampu. Uko kwenye mipaka miwili myembamba sana: pale chipu inapogusana na shaba, na pale shaba inapogusana na maji.

Tuanze na maji yenyewe, tuone jinsi yasivyo na shida. Wilaya ya Kalambo, ambamo Mwimbi imo, ina maporomoko yanayojulikana duniani, ambapo mto Kalambo unadondoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. James Joule, Mwingereza aliyeonyesha kwa vipimo katika miaka ya 1840 kwamba kazi hugeuka kuwa joto kwa kiwango kisichobadilika, angependa sana kusimama pale na kipimajoto. Maji yote yale, kwa kishindo chote kile, yakifika chini yamepata joto la nusu nyuzi hivi tu. Maji ni mazito kupashika. Kilo moja yake inahitaji jouli 4,186 ili ipande nyuzi moja, na kwa ujazo ulio sawa maji hubeba joto karibu mara 4,000 kuliko hewa ya Ufipa.

Sasa pitisha lita 3 za maji kwa dakika juu ya chipu yetu ya wati 185. Maji yatatoka yakiwa na joto la ziada lisilofika hata nyuzi moja. Ukinunua pampu kubwa mara mbili, utaokoa chini ya nusu nyuzi upande huo. Ndiyo maana nawasihi vijana wasimalizie fedha kwenye pampu.

Mpaka wa kwanza ni ule wa chipu na shaba. Nyuso mbili zinazoonekana laini kwa macho hugusana kwenye vilele vichache tu, na mabonde yaliyobaki hujaa hewa, ambayo ni kizuizi kikubwa cha joto. Ndiyo kazi ya ile pesti nyeupe au ya kijivu inayopakwa katikati: kuifukuza hewa. Lakini pesti nayo si shaba. Shaba hupitisha joto kwa kipimo cha takriban 400, pesti ya kawaida nzuri ni 5 hivi. Tabaka la pesti la milimita 0.05 juu ya chipu yetu litagharimu nyuzi 8. Likiwa na unene wa milimita 0.2, kwa sababu bloku imepinda kidogo au kona moja imeinuka, litagharimu nyuzi 32. Milimita 0.15 inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

Kwa hiyo usawa wa uso wa chini ndio moyo wa bloku, na kwa bahati nzuri ni kazi ya mkono na subira kuliko ya mashine. Kata kipande cha kioo kinene cha dirisha, kiweke juu ya meza isiyotikisika, tandaza msasa wa maji namba 400 juu yake, mwagia maji. Sugua shaba kwa mizunguko ya nane, ukiigeuza robo duara kila baada ya muda ili mkono wako usiegemee upande mmoja. Kabla ya kuanza, chora mistari ya kalamu ya maki kwenye uso wote. Wino ukibaki katikati na kufutika pembeni, kuna bonde. Endelea hadi wino ufutike kila mahali kwa pamoja, ndipo uhamie namba 800 na kisha 1,200. Kung'aa kama kioo hakuna maana yoyote hapa. Nimeona bloku zinazong'aa zilizobinuka katikati, na nyingine zenye rangi iliyofifia zilizo sawasawa kabisa. Ya pili ndiyo ya kuchukua. Kazi hii ifanywe mwisho, baada ya matundu yote kutobolewa na kulehemu kote kukamilika, kwa sababu moto hupinda shaba.

Namna ya kukaza nayo ni sehemu ya mpaka huu. Chipu ya kadi ya grafiki haina kofia ya chuma juu yake kama zilivyo prosesa nyingi za kompyuta za mezani. Silikoni iko wazi na kona zake humeguka. Tumia skrubu nne zenye springi, kaza kila moja nusu mzunguko kwa zamu, ukivuka kutoka kona hadi kona ya mkabala.

Kuhusu chuma cha kutumia, tuchukue kitako chenye unene wa milimita 5 chini ya mifereji. Tukidhani joto linapanda moja kwa moja bila kusambaa kando, shaba itagharimu nyuzi 10, alumini 20, chuma cha kawaida 80. Kwa kweli joto husambaa, hivyo tofauti halisi ni ndogo kuliko hizi, lakini mpangilio wa mshindi na mshindwa haubadiliki. Shaba nyekundu ndiyo ya kutafutwa. Ile ya manjano ya mabomba na vali haifai kwa kitako, maana hupitisha joto kwa chini ya theluthi moja ya nyekundu. Itumie kwenye kifuniko na nipeli.

Na shaba haiko mbali nasi. Ng'ambo ya Kasesya ni Zambia yenye migodi ya ukanda wa shaba, na nyuma yake ni Katanga, ambako karne nyingi kabla ya ukoloni watu waliyeyusha shaba na kuimimina kwenye misalaba midogo iliyosafiri mbali kibiashara. Bamba la unene wa milimita 10 linalotumika kwenye makabati makubwa ya umeme ndilo bora. Mafundi wa umeme hubakiwa na vipande. Nunua kwa mtu unayemfahamu na anayeweza kukueleza kilikotoka. Soko la shaba chakavu limechanganyika na nyaya na mafuta ya transfoma vilivyoibwa, na kila kilo ya namna hiyo ina kijiji kilichobaki gizani. Hakuna kompyuta inayostahili kupozwa kwa gharama hiyo.

Mpaka wa pili, wa shaba na maji, ni wa kuvutia zaidi. Maji yanayopita kwenye mfereji hayatembei yote kwa kasi moja. Yale yanayogusa ukuta yamesimama, yanayofuata yanasogea polepole, na katikati tu ndiko kuna mkondo wa kweli. Joto lazima livuke utando ule uliotulia, na maji yaliyotulia ni mpitishaji hafifu wa joto. Bloku yenye tundu moja pana ndani, ya sentimita 4 kwa 4, ina uso wa sentimita za mraba 16 tu wa kugusana na maji. Kwa kasi ya kawaida ya mtiririko, kuvusha wati 185 hapo kunahitaji tofauti ya karibu nyuzi 38. Hapo ndipo bloku nyingi za kwanza za mafundi hukwama, na lawama huangukia pampu.

Dawa ni kuongeza uso na kuufanya utando uwe mwembamba. Kata mifereji 15 kwa msumeno wa chuma, kila mmoja upana wa milimita 1 hivi ambao jino la msumeno hutoa lenyewe, kina cha milimita 5, ukiacha kuta za milimita 1.5 kati yake. Kuta hizo zinaongeza sentimita za mraba 60 juu ya zile 16. Nyuzi 38 zinashuka hadi 8. Hakuna ununuzi wowote utakaokupa nyuzi 30 kwa bei ya msumeno mmoja. Mwaka 1981 David Tuckerman na Fabian Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford walilipeleka wazo hili mbali sana: walichimba ndani ya silikoni mifereji yenye upana wa maikroni 50 tu, wakaondoa wati 790 kwa kila sentimita ya mraba, joto likipanda nyuzi 71. Mifereji yao ilikuwa myembamba mara 20 kuliko yetu, lakini kanuni ni moja. Ingiza maji katikati, juu kabisa ya chipu, yapige chini kisha yagawanyike pande mbili. Pale yanapopiga ndipo utando unapokuwa mwembamba kuliko kote.

Lakini mifereji myembamba ina deni lake: inahitaji msukumo. Hapa nina sababu ya kuwakumbuka wahunzi wa Ufipa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Wafipa na jirani zao waliyeyusha chuma kwa tanuri refu waliloliita ilungu, wingi wake malungu, lililojengwa kwa udongo wa kichuguu na kufikia kimo cha mita 3 hivi. Mabaki yake bado yanaonekana kwenye uwanda, na wanaakiolojia kama Bertram Mapunda na Randi Barndon wameyachunguza kwa kina. Ilungu halikuwa na mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo chini, kwa sababu hewa moto ndani ni nyepesi na hupanda, ikivuta baridi nyuma yake. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na takataka nyingi, kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika.

Nimejaribu kukadiria nguvu ya mvuto ule. Kwa kimo cha mita 3, hewa ya nje ya Ufipa na gesi ya ndani yenye nyuzi mia kadhaa, msukumo ni kama paskali 20, sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 2. Kwa msukumo huo mdogo walipata chuma. Waliweza kwa sababu waliipa hewa njia pana: matundu mengi, mirija mikubwa, mkaa na mawe yaliyopangwa ili pawe na nafasi.

Maji nayo yanaweza kujizungusha kwa kanuni hiyohiyo. Weka rejeta nusu mita juu ya bloku. Maji moto yatapanda, yaliyopoa yatashuka upande wa pili. Gari la Ford Model T lilipozwa hivyo. Tofauti ya nyuzi 10 kati ya bomba la kupanda na la kushuka, kwa kimo cha nusu mita, hutoa msukumo wa paskali 20 hivi, karibu sawa kabisa na wa ilungu. Kwa kadi ndogo kama GT 1030 ya wati 30, hilo linatosha, mradi mabomba yawe mapana na bloku iwe na mifereji mipana. Hakuna pampu, hakuna kelele, hakuna cha kuharibika. Kwa kadi ya wati 185 mambo hayaendi: mifereji ikiwa mipana utando unakuwa mnene na joto halivuki, ikiwa myembamba, paskali 20 haziwezi kuyapitisha maji. Pampu ndogo inayoinua maji mita 2 ina msukumo wa paskali 20,000, mara elfu moja zaidi. Wahunzi wa Ufipa walijua kazi ipi inahitaji ilungu na ipi inahitaji kintengwe, na mjenzi wa bloku anatakiwa ajue hivyohivyo kabla hajashika msumeno.

Mengine yanahitaji uangalifu zaidi kuliko maelezo. Funika mifereji kwa bamba la shaba ya manjano au pespeksi nene, kwa oringi na skrubu sita, ili uweze kufungua na kusafisha. Rejeta ndogo ya hita ya gari inafaa sana, lakini ikwaruze kwa tupa kabla ya kununua: ukiona rangi nyeupe ni alumini, iache. Alumini na shaba katika maji mamoja hugeuka kuwa betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Tumia maji ya betri, yale yaliyokenekwa na si tindikali, pamoja na kulanti kidogo ya kuzuia kutu. Chipu za kumbukumbu na vidhibiti vya umeme vilivyo pembeni havipozwi na bloku, hivyo vibandikie vipande vya alumini na uache feni ya polepole ikivipulizia. Pampu ichukue umeme kwenye pawa saplai ya kompyuta yenyewe, ili umeme ukikatika vyote vizime na ukirudi vyote viwake. Zungusha maji kwa saa 24 nje ya kompyuta, karatasi kavu ikiwa imetandazwa chini ya kila kiungo, kabla ya kuiwasha kadi hata mara moja.

Tujumlishe nyuzi zetu. Chumba 20. Maji, yakipozwa na rejeta ya kutosha, 12 juu yake. Tukumbuke kwamba rejeta nayo inapulizwa na hewa ileile nyepesi, ila ina uso mkubwa zaidi na inaweza kuwekwa mbali na vumbi, mahali panapofikika kwa brashi. Utando wa maji 8, shaba isiyozidi 10, pesti 8. Chipu inakaa kwenye 58, dhidi ya 73 za feni safi na zaidi ya hapo za feni iliyozibwa.

Hukumu yangu ni hii. Kadi ya chini ya wati 75 haihitaji pampu. Isafishe kila mwezi wa kiangazi, au ijaribu kwa mzunguko usio na pampu kama unapenda ukimya. Kadi ya wati 150 na kuendelea inayofanya kazi usiku kucha inastahili bloku ya shaba, na fundi mwenye subira anaweza kuitengeneza Sumbawanga bila kuagiza chochote isipokuwa pampu. Kwa walimu wa vyuo vya ufundi mkoani Rukwa nina ombi moja: wapeni wanafunzi wa fani za chuma na wa umeme zoezi hili kwa pamoja. Lina kupima, kukata kwa msumeno, kusawazisha uso, kufunga oringi na kusoma kipimajoto, na matokeo yake huonekana kwenye kioo cha kompyuta siku hiyohiyo.